Uhakiki wa ethtool: inajibu vizuri, haikuulizi kitu

Leo hatuhakiki kitabu wala simu mpya. Tunahakiki programu ndogo ambayo, kama unatumia Linux, huenda imelala kwenye kompyuta yako siku zote na hujawahi kuiita. Inaitwa ethtool. Kazi yake ni kuongea na draiva ya kadi ya mtandao kupitia terminali: kuiuliza hali yake, na kubadilisha mipangilio yake.

Kwa nini ikuhusu wewe? Kwa sababu mbili. Kwanza, ukitafuta namna ya kuongeza kasi ya mtandao kwenye Linux, haichukui muda kabla hujakutana na mistari mitano sita ya amri za ethtool, nawe unaambiwa uikopi, uipesti, halafu ufurahie. Pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi: kama tasnifu yako ina grafu yoyote iliyotokana na kupima mtandao, mipangilio hii imegusa namba zako, hata kama hujawahi kuandika amri yake hata moja.

Hoja yangu naiweka mezani mapema. ethtool ina nusu mbili. Nusu ya kusoma ni kati ya vyombo bora vya kujifunzia mtandao ninavyovijua. Nusu ya kubadilisha inakukabidhi mipangilio mizito bila kukuuliza unatafuta nini, na bila kukuambia umetoa nini ili ukipate. Kosa letu watumiaji ni kurukia nusu ya pili bila kupita ya kwanza. Kosa la ethtool ni kutuachia njia hiyo wazi kabisa.

Kinachorekebishwa ni nini hasa?

Kadi ya mtandao si tundu la kuchomekea waya tu. Ndani yake kuna chipu yenye kazi nyingi za kwake, na draiva ni ile sehemu ya keneli inayojua lugha ya chipu hiyo. Pakiti ikifika, kadi inaiweka kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kisha inabisha hodi kwa prosesa: njoo, kuna mgeni. Prosesa inaacha ilichokuwa inafanya na kwenda kufungua.

Sasa piga hesabu. Kwenye waya wa gigabiti 1 kwa sekunde, fremu za ukubwa wa kawaida wa baiti 1,500 zikijaza njia nzima, zinapita kama 81,000 kila sekunde. Zikiwa fremu ndogo kabisa zinazoruhusiwa na Ethernet, zinafika takriban milioni 1.49. Kila moja ikibisha hodi yake, prosesa itashinda mlangoni na chungu kitaungua jikoni.

Wahandisi wakatafuta njia za kupunguza usumbufu. Njia ya kwanza ni kadi kusubiri kidogo, ikusanye pakiti kadhaa, halafu ibishe hodi mara moja. Ya pili ni kutenga nafasi za kutosha za kupokelea, ili pakiti zisimwagike wakati prosesa ina shughuli nyingine. Ya tatu ni prosesa kuikabidhi kadi baadhi ya kazi, kama vile kukata data kubwa vipande vipande. Kila njia ina namba zake: isubiri kwa muda gani, nafasi ziwe ngapi, kazi ipi ikabidhiwe na ipi isikabidhiwe. Namba hizo ndizo mipangilio tunayoizungumzia.

ethtool iliandikwa na David S. Miller, na haki yake ya kwanza ina tarehe ya mwaka 1998. Kwa miaka mingi iliongea na keneli kwa njia ya zamani inayoitwa ioctl. Kuanzia Linux 5.6, iliyotoka mwaka 2020, ikapata njia mpya ya netlink. Kwa hiyo tunahakiki kitu chenye umri wa kutosha. Makosa yake mengi si ya utoto, ni mazoea.

Nusu nzuri

Fungua terminali uandike hizi, ukiweka jina la kadi yako badala ya eth0:

`ethtool eth0`
`ethtool -i eth0`
`ethtool -g eth0`
`ethtool -c eth0`
`ethtool -k eth0`
`ethtool -S eth0`

Hakuna hata moja inayobadilisha kitu. Ya kwanza inakuambia kasi mliyokubaliana na swichi, na kwa kawaida hata yale ambayo swichi ilisema inayaweza. Ya pili inataja draiva na toleo lake. Ya tatu inaonyesha nafasi za kupokelea na kutumia, zilizopo sasa na kikomo chake. Ya nne ni muda wa kusubiri kabla ya hodi. Ya tano ni orodha ya kazi zilizokabidhiwa kadi. Ya mwisho inamwaga kaunta zote: pakiti zilizopita, zilizoharibika, zilizokosa nafasi.

Nakwambia ukweli, dakika ishirini za kusoma majibu haya zinafundisha kuliko mihadhara kadhaa ya mitandao. Unaacha kuuona mtandao kama bomba, unaanza kuona kadi, foleni, makubaliano na kazi zilizogawanywa. Ile `-k` pia ina uungwana fulani: mpangilio usiobadilika unaandikiwa `[fixed]`, na ukizima kitu ambacho kinavuta kingine, programu inakuorodheshea mabadiliko halisi yaliyotokea. Tangu ije netlink kuna hata `--monitor`, inayokaa macho na kukuonyesha mpangilio ukibadilishwa na mtu mwingine. Kwenye seva ya maabara inayotumiwa na watu sita, hiyo si anasa.

Kanuni ya herufi nayo ni nzuri: ndogo inauliza, kubwa inabadilisha. `-g` inaonyesha nafasi, `-G` inazibadilisha. `-c` na `-C` vivyo hivyo, `-k` na `-K` vivyo hivyo. Ukishaizoea, unafika kwenye herufi S na kanuni inageuka kichwa chini: `-S` kubwa ndiyo inayouliza kaunta, na `-s` ndogo ndiyo inayobadilisha kasi ya kadi. Ni jambo dogo, lakini linakupa picha ya programu nzima. Imekua kwa kuongezewa vyumba, kila fundi na ramani yake.

Amri inayotii kupita kiasi

Tuanze na amri ambayo imewatesa wengi:

`ethtool -s eth0 speed 100 duplex full autoneg off`

Maana yake: nataka megabiti 100, pande zote mbili ziseme kwa wakati mmoja, na yale mazungumzo ya kukubaliana yazimwe. Mtu anaiandika akidhani anaondoa utata. Upande wa pili wa waya kuna swichi, na swichi bado inasubiri mazungumzo. Haisikii kitu. Kanuni za Ethernet zinasema hivi: mwenzako asipozungumza, unaweza kuitambua kasi yake kutokana na mawimbi yenyewe, lakini kuhusu duplex huna pa kujulia, kwa hiyo chukulia mnapokezana.

Sasa una waya mmoja wenye imani mbili. Kompyuta inasema wakati wowote, swichi inasema kwa zamu. Taa zinawaka. Ping inajibu vizuri tu, maana pakiti moja moja hazigongani. Ukianza kuhamisha faili kubwa, kasi inaanguka, na kaunta zinaanza kupanda: upande wa swichi migongano iliyochelewa, upande wa kompyuta fremu zilizoharibika. Mtu anabadilisha waya, halafu anabadilisha swichi, halafu anaanza kuwasema watu wa TEHAMA.

Na ethtool ilisema nini ilipopokea amri hii? Haikusema kitu. Utamaduni wa Unix ni kwamba kimya ni mafanikio, na mimi nauheshimu. Lakini programu ilijua kwamba umezima mazungumzo. Mstari mmoja tu, "hakikisha upande wa pili umewekwa hivihivi", usingemdhuru mtaalamu na ungemwokoa mwanafunzi.

Ndoo bombani

Amri ya pili inayopendwa sana ni ya kuongeza nafasi za kupokelea: `ethtool -G eth0 rx 4096`. Ushauri wa kukopi na kupesti unasema weka kikomo cha juu, zaidi ni bora.

Fikiria nafasi hizi kama ndoo ulizopanga bombani. Kadi inajaza moja baada ya nyingine kwa mzunguko, prosesa inazimwaga na kuzirudisha tupu. Maji yakija wakati ndoo zote zimejaa, yanamwagika. Kwenye kadi nyingi za Intel zinazotumia draiva ya e1000e, ndoo za mwanzo ni 256 na kikomo ni 4,096.

Kwa fremu za kawaida kwenye gigabiti 1, ndoo 256 zinajaa kwa milisekunde 3 hivi. Prosesa ikichelewa zaidi ya hapo, unapoteza pakiti, na kaunta kama `rx_missed_errors` inapanda. Hapo kuongeza ndoo ni tiba halali: ndoo 4,096 zinakupa kama milisekunde 50 za kupumua.

Lakini ona masharti ya sentensi hiyo. Kwanza, kaunta iwe inapanda kweli. Kama ni sifuri, huna ugonjwa, unameza dawa bure. Pili, tatizo liwe ni prosesa kuchelewa kwa muda mfupi. Kama wastani wake ni mdogo kuliko wastani wa maji yanayokuja, hata ukipanga ndoo mpaka barabarani zitajaa. Tatu, maji ya ndoo ya mwisho yanasubiri zamu. Foleni ya milisekunde 50 ni theluthi nzima ya milisekunde 150 ambazo ITU inapendekeza zisizidiwe kwa sauti ya simu kwenda upande mmoja, na hapo bado pakiti haijatoka nje ya kompyuta moja.

Ugonjwa wa foleni ndefu kupita kiasi una historia yake. Jim Gettys na Kathleen Nichols waliuandikia mwaka 2011 kwenye jarida la ACM Queue, wakieleza jinsi bafa kubwa zilizotapakaa kwenye intaneti zinavyoficha msongamano na kuzalisha ucheleweshaji. Upande wa kutuma, Linux iliongeza mwaka 2012 utaratibu wa kupima baiti zilizo kwenye foleni ya kadi na kuizuia isijae ovyo. Yaani keneli imefanya kazi ya kupunguza foleni, halafu sisi tunakuja na amri tuliyookota kuzirefusha.

Kuna jambo la nne ambalo ni la kwetu zaidi. Kama jengo zima linatoka nje kwa njia moja nyembamba, na kadi yako ya gigabiti inashinda imekaa bila kazi, basi hakuna mpangilio wa kadi utakaokusaidia kupakua makala haraka. Ni kupaka mafuta mlango wa choo wakati geti ndilo limekwama.

Namba 3 si tatu

Hapa ndipo nilipoamua kuandika uhakiki huu.

Muda wa kusubiri kabla ya hodi unaitwa `rx-usecs`, yaani mikrosekunde. Ni kama daladala: konda anaweza kuondoka na abiria wa kwanza, au akasubiri gari lijae. Akiondoka mapema, abiria anafika haraka lakini mafuta yanateketea. Akisubiri, mafuta yanaokolewa lakini abiria wa kwanza analipa kwa muda wake. Hakuna jibu moja sahihi. Seva ya kuhifadhi faili inataka gari lijae, jaribio la kupima ucheleweshaji linataka gari liondoke.

Sasa andika `ethtool -c eth0` kwenye kompyuta yenye draiva ya e1000e au igb ambayo haijaguswa. Utaona `rx-usecs: 3`. Mtu yeyote mwenye akili timamu atasoma mikrosekunde tatu. Atakuwa amekosea. Kwenye draiva hizi, 3 ni jina la hali: kadi ijirekebishe yenyewe kulingana na mzigo. 0 ni kuzima kusubiri, 1 ni aina nyingine ya kujirekebisha. Ukiweka 50, hapo ndipo namba inakuwa mikrosekunde kweli. Na kwa e1000e, ukiweka 2 amri inakataliwa.

Imetokeaje? Zamani draiva hizi zilipangwa wakati wa kupakiwa kwenye keneli, kwa kigezo kinachoitwa `InterruptThrottleRate`, kilichohesabu hodi kwa sekunde na kikatenga namba ndogo ndogo kuwa misimbo ya hali. ethtool ilipokuja na kipimo chake cha mikrosekunde, draiva ikaingiza misimbo ileile kwenye dirisha jipya. Wakati huohuo ethtool ina sehemu yake rasmi ya kusema "jirekebishe", inayoitwa `adaptive-rx`. Draiva haikuitumia, na ethtool haikuilazimisha.

Hili si suala la urembo. Kipimo kikiandikwa mikrosekunde halafu kikawa si mikrosekunde, chombo kimetoa ushahidi wa uongo. Mwanafunzi ataandika kwenye sura ya mbinu kwamba muda wa kusubiri ulikuwa mikrosekunde 3, msimamizi atasoma, mtahini atasoma, na hakuna atakayejua kwamba katika jaribio zima muda ulikuwa unabadilikabadilika wenyewe.

Kaunta za `-S` nazo zilikuwa na ugonjwa huohuo kwa miaka mingi. Kupotea kwa pakiti kwa kukosa nafasi kunaitwa `rx_missed_errors` kwenye kadi hii na `rx_out_of_buffer` kwenye ile, kila draiva na msamiati wake. Kuanzia mwaka 2021 keneli ilianza kutoa makundi ya kaunta zenye majina ya pamoja yanayofuata viwango rasmi. Ni hatua ya kupongezwa, ila draiva lazima zijiunge moja moja, na majina ya zamani bado yapo.

Pakiti za baiti 30,000

Sasa turudi kwenye tasnifu yako. Tuseme una kompyuta mbili na waya, umewasha tcpdump, unakusanya ukubwa wa pakiti na muda kati ya pakiti na pakiti. Waya unaruhusu baiti 1,500. Kwenye faili lako zimo pakiti za baiti 20,000, 30,000, hata kukaribia 64,000.

Hazikupita kwenye waya hivyo. Upande wa kutuma, keneli imeikabidhi kadi donge kubwa la data ili kadi ilikate vipande. tcpdump inasikiliza kabla ya kadi, kwa hiyo inaliona donge. Kazi hiyo inaitwa TSO. Upande wa kupokea, GRO inaunganisha vipande kuwa donge kabla tcpdump haijasikia. Donge moja linaweza kuwa pakiti 45 hivi za kawaida. Ukihesabu "pakiti" kutoka kwenye faili hilo, hesabu yako si ya waya, ni ya mahali ulipotegea sikio.

Vilevile utaona pakiti unazotuma mwenyewe zikiandikiwa kwamba jumla-hakiki yake si sahihi. Mtu anaanza kushuku kadi. Kadi ni nzima: keneli imeiachia kazi ya kuijaza jumla hiyo, na tcpdump imechungulia kabla haijajazwa.

Hayo mawili angalau yanaonekana. La tatu halionekani. Ikiwa kadi inasubiri mikrosekunde 50 kabla ya hodi, pakiti nne zilizofika zimepishana mikrosekunde 12 zitapewa saa za karibu sawa, kisha litafuata pengo. Grafu yako itaonyesha mtandao unaotuma kwa mafungu. Mtandao haukutuma kwa mafungu, daladala ndiyo ilisubiri.

ethtool ndiyo yenye ufunguo wa yote matatu. `ethtool -K eth0 tso off gso off gro off` itakurudishia pakiti za kawaida kwenye faili lako. `ethtool -T eth0` itakuambia kama kadi yako inaweza kuweka saa yenyewe, pale pakiti inapogusa kadi, badala ya kusubiri prosesa. Hapa nusu ya kubadilisha inapata heshima yake: unajua unachotafuta, unazima kinachokuzuia, unapima. Lakini ukizima hayo kwenye seva ya kazi eti kwa sababu "inasafisha mtandao", unamrudishia prosesa mzigo wote ambao kadi ilikuwa inambebea. Amri ni ileile. Tofauti ni swali lililoitangulia.

Kumbukumbu ya kuku

Ukiwasha upya kompyuta, mipangilio uliyoweka kwa ethtool inapotea. Ili ibaki inabidi uiandike kwingine: kwenye NetworkManager, au kwenye faili za `.link` za systemd, au kwenye hati itakayojiendesha mashine ikiwaka. Kwa usalama hii ni neema, maana kosa linafutika kwa kuzima na kuwasha. Kwa utafiti ni mtego. Umeme umekatika saa nane usiku, seva ikajiwasha, nusu ya pili ya majaribio yako imefanyika kwa mipangilio tofauti na nusu ya kwanza, na hakuna faili lililokuandikia.

Hakuna pia amri ya "rudisha kama ilivyokuwa". Hukuandika thamani za mwanzo, umeachwa na ubashiri. Na baadhi ya amri, kama ile ya kubadilisha ndoo, kwenye draiva nyingi huizima kadi kidogo na kuiwasha tena. Ukiwa mbele ya mashine ni sekunde chache. Ukiwa umeingia kwa SSH kutoka nyumbani, na kasi uliyoweka haikubaliki upande wa pili, seva imekwenda na funguo ziko kwa mlinzi.

Wenzetu wa Windows wana hali gani? PowerShell ina `Get-NetAdapterAdvancedProperty` na `Set-NetAdapterAdvancedProperty`, na hapo kuna somo la pande mbili. Zuri ni kwamba thamani zinahifadhiwa, na mipangilio ya kawaida ina maneno rasmi yanayoanza na nyota, mfano `*JumboPacket`, yaliyo sawa kwa watengenezaji wote. Baya ni kwamba watu hutumia jina la kuonyesha badala ya neno rasmi, na jina hilo kila mtengenezaji analipanga: huyu "Jumbo Packet" yenye baiti 9,014, yule "Jumbo Frame" ya 9KB. Ile 14 ni kichwa cha Ethernet, ambacho Linux haikihesabu, kwa hiyo 9,014 ya huku ni 9,000 ya kule. Kadi nayo inawashwa upya usiposema `-NoRestart`. Maradhi ya majina yapo kote, ila Windows ilikubali mapema kuwa na msamiati wa pamoja na kuwa na kumbukumbu.

Utetezi, na jibu langu

Najua mtetezi wa ethtool atasema nini. Chombo cha msimamizi wa mfumo hakina wajibu wa kushika watu mikono. Kinatoa uwezo, maamuzi ni ya mtu. Nyundo haikuulizi unajenga nini.

Hoja hii ina uzito, na sitaki ethtool igeuke kuwa programu ya kuuliza "una uhakika?" kila hatua. Lakini ethtool yenyewe haiamini hoja hiyo mpaka mwisho. Kuna amri ya `-E` inayoandika moja kwa moja kwenye EEPROM, kumbukumbu ya kudumu ya kadi, na humo kosa linaweza kuiua kadi. Watengenezaji wakaweka kizuizi: ni lazima utaje namba maalumu inayothibitisha unajua ni kadi gani unaigusa. Na walikuwa na sababu ya kuiogopa sehemu hiyo. Mwaka 2008, wakati wa matoleo ya majaribio ya Linux 2.6.27, kadi kadhaa za e1000e zilivurugwa EEPROM zao kwa hitilafu iliyokuja kugundulika kuwa ilitoka sehemu nyingine kabisa ya keneli. Kwa hiyo wanajua kuweka geti pale hasara inapokuwa chuma. Ninachoomba ni heshima kidogo pia pale hasara inapokuwa ukweli: kipimo kiwe kipimo, hali iwe na jina la hali, na kuwe na njia moja ya kuhifadhi mipangilio yote na kuirudisha.

Mpaka hayo yaje, kazi ni yetu. Kabla ya kugusa chochote, hifadhi majibu ya `-i`, `-g`, `-c` na `-k` kwenye faili lenye tarehe. Soma `-S` mara mbili kwa kupishana dakika moja, uone kaunta ipi inapanda. Isiyopanda haina kesi. Badilisha kitu kimoja tu. Pima kwa kilekile ulichopimia mwanzo, iwe iperf3 au ping, mara kadhaa. Ukiwa mbali na seva, panga kwanza amri ya kurudisha thamani ya zamani baada ya dakika mbili, ndipo ubadilishe. Ukibaki hewani, ifute. Na faili lile la mwanzo liende kwenye kiambatisho cha tasnifu, kwa sababu atakayetaka kurudia jaribio lako hawezi kubahatisha.

Na ukimwona mwenzako anapesti mistari sita aliyookota, muulize swali ambalo ethtool haitamuuliza: kaunta gani ilikuwa inapanda?

Hukumu

Kama chombo cha kuchunguzia, ethtool ni ya kiwango cha juu, na kila mwanafunzi wa kompyuta angekutana nayo mwaka wa kwanza, kwa herufi ndogo tu, pamoja na ile `-S` iliyopotea njia. Kama chombo cha kubadilishia, ina nguvu, ina utii, na haijali. Namba zake nyingine si namba, haikumbuki ulichofanya jana, na itakutekelezea kosa lako kwa kimya kilekile inachotekelezea busara yako.

Isakinishe, isome mpaka uizoee. Siku utakayokuwa na swali lenye kaunta yake, bonyeza herufi kubwa.